Kambi Haivunjwi Hadithi Ikiwa Katikati

Kwa Anifa binti Uwesu, pale Gongoni, mgeni haulizwi kwanza habari za nyumbani. Ataitikiwa salamu, atasogezewa kigoda, kisha ataulizwa, "Unasoma nini siku hizi?" Muuza mkaa ameulizwa. Fundi aliyekuja kuziba bati ameulizwa, akajibu kuwa yeye na vitabu waliachana siku aliyomaliza darasa la saba, na Anifa akamwambia apande juu akazibe bati lake basi, maana huku chini hawana la kuzungumza. Watu walisema ana maringo. Kweli anayo, wala hakuyakana hata siku moja. Mwanamke aliyelea watoto wake kwa sindano ya kofia, tundu kwa tundu, na akajua kuandika jina la mumewe kabla mumewe hajajua, kwa nini asitembee ameinua shingo?

Babu yake mzaa baba alikuwa Mzaramo. Alipanda bara na misafara ya zamani, ile iliyokuja na majora ya nguo na shanga ikarudi pwani na pembe, na alipofika Unyanyembe miguu ikakataa safari nyingine. Akaoa hapo, akajenga hapo, akazikwa hapo. Anifa mwenyewe bahari hajaiona mpaka leo. Lakini kwa Wanyamwezi yeye ni Mzaramo tu, mla nazi, na utani ule walioufunga wazee njiani haukumuuliza kama bahari anaijua au haijui.

Kwa bibi yake, mke wa yule Mzaramo, alirithi maneno mengi ya njiani, na moja lilimkaa kuliko yote. Bibi alikuwa akisimulia kwamba wapagazi, hata wangechoka vipi, jioni walipiga hadithi, na ikitokea msimuliaji kazidiwa na usingizi kabla hajamaliza, asubuhi hakuna anayejitwika mzigo mpaka amalizie. Mkuu wa msafara afoke, ngoma ya safari ilie, watu wamekaa. "Kambi haivunjwi hadithi ikiwa katikati," bibi alikuwa akisema, na Anifa, mtoto, alilala akiwaona watu wazima na ndevu zao wamekalia mizigo, wanamngoja mtu mmoja apanguse macho aendelee.

Rafiki yake Leonia, Anifa alimpata kwenye kusoma. Ilikuwa miaka ile ya kampeni, watu wazima wote wanatakiwa wajue kusoma na kuandika, na Anifa, mwari wa juzi aliyeishia darasa la nne, akapewa chaki na ubao awafundishe kinamama wa karibu na stesheni. Siku moja akaingia mwanamke mrefu, mtoto mgongoni, mke wa mfanyakazi wa reli, hajui a wala be. Anifa akamuuliza ametoka wapi. Choma, akasema, huko Igunga.

"Kwa Wanyamwezi, wabeba mizigo," Anifa akasema, na darasa likacheka.

"Ndiyo," yule mwanamke akajibu, hakutikisika. "Na mmoja wao alimbeba babu yako mgongoni kuvuka Ugogo, analilia maji kama mtoto."

Hapo darasa lilicheka zaidi, na Anifa akajua amepata mtu.

Leonia alizipokea herufi kama aliyekuwa amefungiwa chakula. Kabla mvua nyingine hazijaanza alikuwa amekwisha kumpita mwalimu wake. Anifa alisoma kama anavyotoboa kofia, taratibu, akirudi nyuma kuangalia mstari haukwenda kombo. Leonia alisoma kama anayekimbiza ng'ombe wasiingie shamba la watu. Akifika mwisho anahema. Kisha anataka kugombana: kwa nini huyu kafa, kwa nini yule kasamehewa, mwandishi gani huyu asiyejua kuwa mwanamke akishachoka hasemi maneno mengi hivyo? Na Anifa hakuwa mtu wa kukubali upesi. Waligombana mpaka waume zao wakazoea, wakafa wamezoea.

Ikawa desturi. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri jamvi lilitandikwa barazani kwa Anifa, chai ya tangawizi ikaletwa, na kila mmoja akasema anasoma nini na amefika wapi. Waliopita katika jamvi lile ni wengi. Wengine walihama, wengine walichoka, wengine waliitwa na Mola. Waliobaki ni watatu, wao wawili na Zuena, muuza dagaa wa sokoni, ambaye miaka nenda miaka rudi alikuwa anasoma kitabu kimoja tu, cha ufugaji wa kuku. Kila akiulizwa alisema amefika kwenye kideri.

"Kuku hao hawajapona tu?" Leonia alimuuliza siku moja.

Zuena akasema yeye anasoma kwa kuvuta subira, na subira ni ibada.

Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja, wasomaji zaidi ya mmoja. Kilinunuliwa pale vinapotandazwa chini karibu na soko, au kilitoka seminari ya Kipalapala, kimeachwa na mseminari aliyemaliza masomo, aghalabu hakina jalada. Kwa hiyo walisoma kwa zamu, na hapo ndipo ilipozaliwa sheria. Zuena, mara moja tu alipowahi kuwaacha kuku wake akasoma hadithi, alikuja jamvini furaha imemjaa akamtaja mwizi kwa jina, na Leonia alikuwa bado yuko katikati. Leonia alikitua kikombe, akajifunga kanga yake, akaenda zake nyumbani kwake Ipuli. Msimu mzima wa karanga hakuonekana. Aliporudi alirudi na sheria: hakuna kumwambia mtu mwisho. Kila mtu ataufikia mwenyewe kwa macho yake. Na anayeusema, atozwe faini ya karanga za kukaanga za jamvi zima, na aibu juu.

Wakishaufikia wote, ndipo ugomvi ulipofunguliwa. Wakigombana wakatosheka, Leonia alikunja miguu, akasema, "Haya, tuvunje kambi," na jamvi likakung'utwa. Neno lile alilichukua kwa Anifa, naye Anifa alilichukua kwa bibi yake. Lakini kwa miaka mingi alikuwa Leonia tu anayelisema. Ilikuwa haki yake, kama mtu mwenye kiti chake.

Sasa kile kitabu cha mwisho. Hakikuwa na jalada, wala hawakujua kinaitwaje, wakakiita cha Sanduku. Kilimhusu mwanamke mmoja, Sikitu, ambaye mumewe alikwenda kufanya kazi mbali akamwachia sanduku la mbao lenye mikanda ya chuma. Ufunguo akamvika shingoni. Akamwambia, usilifungue mpaka nirudi. Miaka inapita, watoto wanakua, njaa inaingia, majirani wanamshauri alivunje ajue moja, naye hataki. Mtu ukikisoma hulali. Unataka kujua mna nini mle ndani.

Anifa ndiye aliyetangulia. Alipofika mwisho alikitupa kitandani kwa hasira. Mwandishi alikuwa kama mtu aliyesikia gari moshi linapiga honi akafunga furushi lake hivyo hivyo. Mume anarudi mzee, anakohoa, anaomba ufunguo, anafungua. Mna koti kuukuu na viatu visivyo na kamba. Analivaa koti kwa kuwa kuna baridi, anaomba chai. Basi. Anifa alikaa na hasira zake, kisha akaanza kucheka peke yake, maana alikwisha kumwona Leonia atakavyokuja juu. Ugomvi huo ungewatosha mpaka masika. Alhamisi iliyofuata akamkabidhi kitabu, uso mkavu kama kaburi.

"Kitamu?" Leonia akamuuliza.

"Soma."

Leonia akasoma mpaka nusu. Halafu miguu yake ikaanza kuvimba.

Madaktari walisema ni moyo. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena, na mara ya mwisho akarudishwa nyumbani na dawa na maneno ya upole, na maneno ya upole ndiyo yaliyomtisha Anifa. Macho ya mgonjwa yalipata ukungu. Herufi, alisema, zinatambaa kama sisimizi walioona mvua. Binti yake Julieth, ambaye ana kibanda cha kushona nguo, alifunga kibanda akakaa naye. Na Anifa akawa anakwenda Ipuli kila alasiri kumsomea.

Siku za mwanzo alimsomea vizuri, ukurasa kwa ukurasa, na Leonia, amelazwa kwa mito mitatu ili apumue, alikuwa akibahatisha yaliyomo sandukuni. Mara ni rupia za Mjerumani. Mara ni nguo za mke mwingine. Siku moja alisema ni mkia wa fisi, mume alikuwa mchawi, ndiyo maana harudi. Anifa akamwambia Mnyamwezi hata akiwa mahututi hawezi kuona sanduku asifikirie uchawi. Leonia akasema, na Mzaramo hawezi kuona chumba cha mgonjwa asilete ngoma, pengine ni vile tu amesahau kuja na tari.

Lakini kadiri kurasa zilivyopungua upande wa kulia, Anifa alianza kuogopa. Hakumwambia mtu. Aliangalia unene wa zile zilizobaki, akaangalia kifua cha Leonia kinavyopanda kwa kazi, na lile neno la bibi yake likamrudia, sasa si kama hadithi ya watoto. Kambi haivunjwi hadithi ikiwa katikati. Wapagazi walikaa. Ngoma ililia, mkuu akafoka, na wakakaa tu.

Akaanza kusoma polepole. Kisha akawa anasoma ukurasa mmoja na kudai koo limekauka. Kisha akawa anarudi nyuma, anasema amesahau walipofika.

"Hapa ulinisomea jana," Leonia akamwambia. "Unanirudisha kama ndama kisimani."

"Jana ulisinzia."

"Sikusinzia. Nilifumba macho nimwone Sikitu."

Anifa akasema kama mgonjwa anajua kuliko msomaji basi ajisomee. Leonia akacheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, na Julieth akaja kumwinua.

Na jambo jingine alilifanya Anifa ambalo hata yeye alijua si zuri. Kitabu alikuwa akiondoka nacho. Julieth alimwambia, mama, kiache, wewe usipokuwepo nitamsomea mimi kidogo kidogo. Anifa akasema kurasa zimeanza kuchomoka, anataka kwenda kuzishona. Kweli alizishona, kwa uzi wa kofia, kitu cha dakika chache. Lakini siku ya pili akaondoka nacho tena, na ya tatu, kimefungwa kwenye kanga kama mtoto anayefichwa kijicho. Julieth hakuuliza mara nyingine.

Jumanne ile joto lilikuwa kali, mvua ilikuwa inakusanyika haitaki kunyesha. Kilichobaki kitabuni ni kidogo tu, hata kwa kurudi nyuma hapakuwa tena na pa kurudi. Mume wa Sikitu alikuwa ameshaonekana njiani, watoto wanamkimbilia. Anifa alisoma mpaka mume akaukanyaga uwanja wa nyumba, akafunga kitabu.

Leonia akafumbua macho. Uso ulikuwa umevimba na rangi yake imepotea, lakini yale macho, hata na ukungu wake, yalikuwa yale yale ya msichana aliyeingia darasani na mtoto mgongoni.

"Nimalizie leo," akasema.

"Alhamisi. Utakuja mwenyewe jamvini, tutakuita bajaji."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Leonia akatafuta pumzi. Kisha akasema, kwa sauti ya kuomba ambayo Anifa hakuwahi kuisikia kwake, hata walipomzika mumewe, "Basi usinisomee. Niambie tu. Sandukuni mna nini?"

"Sheria uliiweka wewe. Hakuna kumwambia mtu mwisho."

"Sheria yangu unanipiga nayo mwenyewe."

"Ndiyo. Ulitutoza karanga kwa sheria hiyo."

Leonia alimtazama kwa muda, mpaka Anifa akainama kutafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni. "Haya, Mzaramo," akasema, na akageuza uso ukutani. Hakuwa amekasirika. Angekasirika Anifa angejua la kufanya.

Julieth alikuwa mlangoni na beseni la maji, amesikia yote. Alimsindikiza Anifa mpaka uani, na pale kwenye kamba ya nguo akamwambia kwa adabu, sauti chini, "Mama, ungemwambia tu."

"Akishajua," Anifa akamjibu, "atabaki anangoja nini?"

Anifa alirudi Gongoni akijiona ameshinda jambo. Jioni alichagua karanga za Alhamisi, akatupa mbovu.

Jumatano asubuhi, alipokuwa ameshika kofia anaingiza uzi, simu ikaita, na jina la Julieth likamwambia kila kitu kabla hajaipokea.

Msiba ulikuwa mkubwa. Watu wa reli wa zamani walikuja, watu wa jumuiya, jirani wa dini zote, na kutoka Choma akaja Shigela, shemeji wa marehemu, mzee mwenye fimbo na koti zito hata katika jua lile. Kilichongojwa na wote ni watani. Msiba wa Mnyamwezi bila Mzaramo wa kumtukana marehemu ni kama ugali bila mboga. Mtani ndiye anayekuja amejifunga vibaya, analia kilio cha uongo, anasema huyu alikuwa mlafi, mbona mmemwekea jeneza fupi, na waliokauka kwa kulia wanapata kucheka kidogo. Zuena, ambaye si mtani wa mtu, alikuwa akimtazama Anifa kila mara kama anayengoja ngoma ianze. Anifa alikaa mkekani na kanga yake usoni, hakufungua mdomo.

Shigela alikuja mpaka pale kinamama walipokaa, akamsalimu, akamwambia, "Mtani, mbona umetuacha tunalia wenyewe?"

"Nimechoka, mtani," akasema. Mzee akatikisa kichwa akarudi kwa wanaume, na ilionekana ameudhika kidogo kwa niaba ya maiti.

Alasiri Julieth alikuja akakaa ubavuni pake. Kwa muda alichezea pindo la kanga. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba asubuhi ile mama yake aliamka na nafuu, akanywa uji, akauliza kama Anifa amefika na kitabu. Alimwambia bado ni mapema. Alimwambia pia, kwa kuwa yeye Julieth alikuwa na dukuduku, kwamba Mama Anifa anazichelewesha zile kurasa makusudi.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Najua anachofanya. Mwache.' Halafu akasema atajilaza kidogo mpaka uje."

Anifa alinyanyuka, akaenda uani nyuma ya jiko kwenye kuni, akasimama pale kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau. Kwamba Leonia alijua. Kwamba alilala pale kwa mito yake mitatu siku zote zile, anasomewa kile alichosomewa jana, anajua, na akamwacha aendelee kujidanganya ili asiogope peke yake. Mwanamke ambaye hakuweza kungoja mwisho wa kitabu chochote alikuwa amengoja.

Ijumaa ndiyo siku waliyomtoa. Jeneza lilikuwa sebuleni, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma. Katekista alikwisha kusema mara mbili kuwa padre amefika kanisani na watu wasichelewe, mawingu yale yalikuwa sasa yameshuka. Wanaume wakainua. Walipogeuka, mlango ulikuwa umezibwa.

Anifa alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu huku, bega kwenye fremu kule. Kanga ameifunga kiunoni, kitabu kisicho na jalada amekibana kwapani.

"Hapiti mtu," akasema.

Minong'ono ikapita nje, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano watu wakatabasamu. Zuena akashusha pumzi. Mtani amezinduka. Shigela naye uso ukamnyooka, akasogea mbele kwa fimbo yake, akaanza kama inavyopasa, akamwambia Mzaramo aseme anataka nini, wana kuku wawili na mbuzi mmoja mkonde, achague waende zao.

"Kuku wenu mleni wenyewe," Anifa akasema. "Huyu ana hadithi yake iko katikati. Kambi haivunjwi hadithi ikiwa katikati. Mtueni."

Katekista alisema kwa upole kwamba muda umekwisha. Kijana mmoja miongoni mwa waliobeba akasema mama, jeneza zito. Tabasamu zilikuwa zimeanza kuondoka, maana walikuwa wameuona uso wake, na haukuwa uso wa utani. Wote wakamgeukia Shigela. Mzee alimtazama yule mwanamke, akakitazama kile kitabu, na huenda hakuelewa, au alielewa zaidi ya wote. "Ni mtani," akasema. "Ana haki. Mtueni."

Wakalitua. Anifa akafungua kitabu pale penye uzi wa kofia. Akakiegemeza tumboni. Alisoma kwa sauti kama alivyokuwa akisoma siku zote, taratibu, kila neno mahali pake: mume ameingia uani, mume amekaa, ameomba ufunguo. Sikitu ameuvua shingoni, kamba imeacha alama ambayo haitoki tena. Mume amepiga magoti mbele ya sanduku. Julieth alikuwa amesimama kichwani pa jeneza, kiganja juu ya kile kitambaa, na macho yake hayakuondoka kinywani mwa Anifa, maana naye alisikia kitabu kile kupitia ukutani kwa siku nyingi na hakujua mna nini.

Sanduku likafunguliwa. Anifa akasoma koti, akasoma viatu visivyo na kamba. Akasoma mume amelivaa koti lile kwa kuwa palikuwa na baridi, na ameomba chai. Akafunga.

Mtu mmoja nje akauliza, ndiyo basi? akanyamazishwa.

Anifa alisubiri. Hakuna aliyejua anasubiri nini isipokuwa Zuena, ambaye alijifunika uso. Alikuwa anasubiri ile sauti ije juu: koti! Miaka yote hiyo kwa ajili ya koti! Mwandishi gani huyu, alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Naye angejibu kuwa koti ni zuri tu, Mnyamwezi gani anayelijua koti, ilimradi ampinge. Alikuwa na maneno yake tayari tangu siku alipokitupa kitabu kitandani. Alikuwa ameyatunza.

Akainama karibu na mbao, akasema kwa sauti ya chini, lakini sebule ile ilikuwa ndogo na waliokuwepo walisikia.

"Mwisho wenyewe mbovu, mwenzangu. Nimekunyima koti kuukuu."

Radi ikapita mbali, upande wa Kipalapala. Katekista akatazama juu. Wanaume walikuwa wameshika tena vishikio lakini hawakuinua, wanamngoja yeye, na akaona kwamba watangoja, akitaka wangoje, hata mvua ikinyesha. Akajaribu neno likakwama. Halikuwa neno lake. Miaka yote hakuwahi kulisema yeye.

Akafungua lile fundo la kanga kiunoni, akajifunika kichwa, akatoka kizingitini akasimama pembeni, mgongo ukutani.

"Haya," akasema. "Vunjeni kambi."